Damu Hujua Kusema Hapana: Vipimo vya Ini na Jiwe Lililojificha Kwenye Mrija wa Nyongo

Saa nne usiku mpwa wangu alinitumia picha ya karatasi ya majibu ya maabara. Ilipigwa harakaharaka juu ya shuka la hospitali, nusu yake imefunikwa na kivuli cha kidole. Pembeni ya namba nne kulikuwa na herufi H. Chini ya picha aliandika: "Shikamoo mjomba. Hizi H maana yake nini? Wanasema mama ana jiwe kwenye mrija wa nyongo, kesho tunapewa rufaa."

Dada yangu alikuwa amelazwa mchana wa siku hiyo. Maumivu ya chini ya mbavu za kulia, yaliyokuwa yakija na kuondoka kwa miezi, safari hii yalikuja yakakaa. Alikuwa na homa, alikuwa anatapika, na daktari alipombonyeza chini ya mbavu na kumwambia avute pumzi, pumzi ilikatika njiani. Ultrasaundi ilionyesha mawe ndani ya kifuko cha nyongo na ukuta wa kifuko umenenepa. Hapo hapakuwa na ubishi: kifuko kimevimba kwa sababu ya mawe. Ubishi ulikuwa kwenye zile H nne.

Nilikaa maabara miaka mingi kabla ya kuanza kuandika, na H nyingi zimepita mkononi mwangu. H haisemi kuna jiwe. Inasema namba imevuka kikomo cha juu ambacho mashine imepangiwa, basi. Kati ya kauli hizo mbili kuna pengo, na ndani ya pengo hilo watu husafirishwa mamia ya kilomita, familia huuza mbuzi, na wengine huingizwa kamera tumboni ambayo hawakuihitaji.

Nyongo hutengenezwa na ini, huhifadhiwa kwenye kifuko kidogo kilichojibanza chini yake, kisha hushuka kwenye utumbo kupitia mrija mkuu mmoja. Mawe mengi hukaa kifukoni. Moja likiziba shingo ya kifuko, kifuko huvimba, na tiba yake inajulikana tangu Carl Langenbuch alipokitoa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882. Siku hizi hutolewa kwa upasuaji wa matundu madogo, ambao Erich Mühe aliufanya Ujerumani mwaka 1985. Lakini jiwe likiteleza hadi kwenye mrija mkuu, habari inabadilika. Sasa linazuia nyongo ya ini zima. Macho yanageuka manjano, bakteria wanapanda kuelekea ini, na kongosho nalo linaweza kuvimba, maana mrija wake na ule wa nyongo hutokea mlango mmoja. Ukitoa kifuko ukaliacha jiwe hilo, umefunga duka mwizi akiwa ndani.

Kwa wagonjwa ambao kifuko chao kimevimba, makadirio ya kawaida ni kwamba 5 hadi 15 kati ya 100 wana jiwe pia kwenye mrija mkuu. Daktari hana budi kujua kama aliye mbele yake ni mmoja wao. Njia ya kulitoa jiwe bila kupasua tumbo ipo. Huitwa ERCP: kamera hupitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo mdogo, mlango wa mrija hukatwa kidogo, jiwe huvutwa nje. Ni tiba nzuri mno kwa mwenye jiwe. Kwa asiye nalo ni balaa la kujitakia, kwa sababu kati ya wagonjwa 100 wanaofanyiwa, kati ya 3 na 10 hivi huvimba kongosho, na wachache wao hufa. Isitoshe, kwetu hospitali zinazoifanya ni chache na ziko miji mikubwa. Kwa hiyo kabla ya kumpeleka mtu huko inabidi kubashiri, na cha kubashiria kilicho karibu na cha bei nafuu ni damu.

Vipimo vyenyewe vinaitwa vipimo vya ini, jina ambalo kwa kweli halivitendei haki, kwa kuwa havipimi ini linavyofanya kazi bali linavyolalamika. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyoishi ndani ya chembe za ini. Chembe zikijeruhiwa, vinavuja kwenye damu. ALP na GGT vinahusiana na kuta za vijirija vya nyongo, na nyongo inaporudi nyuma ini hulazimika kutengeneza ALP nyingi zaidi. Bilirubini ndiyo ile rangi ya manjano yenyewe, mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizozeeka, ambayo ini huichakata na kuitupa kupitia nyongo.

Kila kimoja kina saa yake. Jiwe likikwama sasa hivi, ALT na AST hupanda ndani ya saa chache, wakati mwingine hadi zaidi ya 1,000, ungedhani ni homa ya ini. Jiwe likipita lenyewe na kudondokea kwenye utumbo, jambo linalotokea mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani, namba hizo huporomoka ndani ya siku chache. ALP huchelewa, kwa sababu lazima kwanza itengenezwe, na ikishapanda hushuka polepole. Bilirubini hupanda kadiri mzibo unavyoendelea. Kwa hiyo karatasi moja ya majibu ni kama picha moja iliyopigwa katikati ya mechi: unaona mpira uko ndani ya boksi, kipa kaanguka, lakini kama ni goli au umetoka nje, picha hiyo haikuambii.

Kwa mtu mwenye maumivu ya nyongo ambaye kifuko chake hakijavimba, namba hizi zinaaminika kiasi. Uchambuzi wa mwaka 2015 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, ulikusanya tafiti tano zenye washiriki 523. Ulikuta bilirubini iliyozidi takriban 22 µmol/L ikiwatambua asilimia 84 ya wenye jiwe la mrijani, na ikiwaacha kwa haki asilimia 91 ya wasio nalo. ALP iliyozidi 125 iliwatambua asilimia 92, lakini iliwaacha kwa haki asilimia 79 tu. Ultrasaundi ya kawaida, ambayo wengi huiamini kuliko damu, iliwatambua asilimia 73. Ultrasaundi ni bingwa wa kuona mawe ya kifukoni; mrija wa chini umejificha nyuma ya utumbo wenye gesi, na gesi ni adui wa ultrasaundi.

Ukisoma takwimu hizo haraka utadhani kazi imekwisha. Kifuko kikivimba ndipo mambo yanapoharibika.

Kifuko kilichovimba kimelala kwenye kitanda cha ini. Joto lake linahamia kwa jirani, na chembe za ini zilizo karibu zinavujisha ALT. Bakteria na kemikali za uvimbe zikiingia kwenye damu, zinazipunguzia chembe za ini uwezo wa kusukuma nyongo, na bilirubini inapanda ingawa mrija uko wazi kabisa. Kuna wakati jiwe lililokwama kwenye shingo ya kifuko linaubana mrija mkuu kutokea nje, hali iliyopewa jina la daktari wa Argentina, Pablo Mirizzi. Na kuna vile vijiwe vidogo na tope la nyongo ambavyo vimeshapita na kuacha nyayo kwenye damu. Haya yote yanaandika H, na jiwe la kutoa hakuna.

Watafiti wa Korea Kusini waliwaangalia wagonjwa 1,178 wenye kifuko kilichovimba. Kati yao, 424 walikuwa na vimeng'enya vya ini vilivyopanda. Waliokutwa na jiwe kwenye mrija kati ya hao 424 walikuwa 246. Yaani ukiwa na H zako mkononi katika kundi lile, uwezekano wa kuwa na jiwe ulikuwa asilimia 58, juu kidogo tu ya kurusha sarafu. Mwongozo wa Chama cha Dunia cha Upasuaji wa Dharura, WSES, uliotoka mwaka 2020, unasema waziwazi kwamba kwa mgonjwa wa aina hii vipimo vya ini au bilirubini vikiwa juu peke yake visitumike kuthibitisha jiwe la mrijani. Vipimo zaidi vifanyike. Sababu wanayoitaja ni kwamba asilimia 15 hadi 50 ya wenye kifuko kilichovimba wana vipimo vya ini visivyo vya kawaida hata pasipo jiwe lolote mrijani.

Mambo ya asilimia huwachosha wasomaji, nalijua hilo, lakini hesabu ifuatayo hata daftari la darasa la sita haliwezi kuikataa. Namba ni za mfano, nimezichagua mimi. Chukua wagonjwa 100 wenye kifuko kilichovimba, 10 kati yao wana jiwe mrijani. Kipimo chetu cha damu kinawashika 8 kati ya hao 10, si kibaya. Kwa 90 wasio na jiwe, kinawaruhusu 63 waende zao, lakini 27 kinawapa H kwa sababu ya uvimbe tu. Sasa hesabu wenye H: 8 na 27, jumla 35. Wenye jiwe kweli ni 8 kati ya 35. Ukiwapeleka wote 35 kwenye ERCP, 27 wamekwenda bure, na mmoja au wawili kati yao huenda wakarudi na kongosho lililovimba. Geuza upande wa pili: wasio na H ni 65, na kati yao wenye jiwe ni 2. Kwa mgonjwa ambaye damu yake ni ya kawaida, una haki ya kumwambia kwamba uwezekano wa kutokuwa na jiwe ni asilimia 97.

Maisha halisi hayako mbali na hapo. Taiwan waliwahi kuchunguza wagonjwa 1,002 waliotolewa kifuko kwa matundu madogo. GGT ikiwa ya kawaida, uwezekano wa kutokuwa na jiwe ulikuwa asilimia 97.9. Bilirubini ikiwa juu, ambayo ndiyo iliyokuwa mbashiri bora wa kuwepo kwa jiwe, uwezekano wa jiwe kuwepo ulikuwa asilimia 27.4. Kipimo kilekile, damu ileile, kinajua kusema hapana na kinababaika kusema ndiyo. Sisi tumekizoea kwa kinyume: H inaita rufaa, na namba za kawaida hakuna anayezitazama mara mbili.

Wakubwa wenyewe wamekuwa wakirudi nyuma. Chama cha Marekani cha madaktari wa endoskopia, yaani uchunguzi wa kamera tumboni, ASGE, mwaka 2010 kilisema bilirubini iliyozidi 4 mg/dL, kama 68 µmol/L kwa vipimo tunavyotumia wengi wetu, inatosha peke yake kumweka mgonjwa kwenye kundi la hatari kubwa na kumpeleka moja kwa moja ERCP. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba wengi waliopelekwa kwa kigezo hicho hawakuwa na jiwe. Mwaka 2019 kigezo kikakazwa: bilirubini zaidi ya 4 iambatane na mrija uliotanuka, au jiwe lionekane kwenye picha, au mgonjwa awe na maambukizi ya mirija. Damu peke yake iliondolewa kwenye kiti cha mbele. Waliobaki na vipimo vya ini visivyo vya kawaida, au wenye umri zaidi ya miaka 55, au mrija uliotanuka, wanaingia kundi la kati, na kundi la kati hupigwa picha kwanza. Wenzao wa Ulaya, mwaka huohuo wa 2019, hawakuiweka bilirubini kabisa kwenye vigezo vya hatari kubwa.

Hapa niweke neno kuhusu vipimo vya namba, maana nimeona vilio visivyo na sababu. Bilirubini ya 17 kwenye karatasi yenye µmol/L ni sawa na 1 kwenye karatasi yenye mg/dL, na ni ya kawaida. Mtu akisoma mtandaoni kwamba hatari ni 4, kisha akaangalia karatasi yake akaona 17, usiku halali. Angalia kipimo kilichoandikwa pembeni kabla ya kuwapigia ndugu simu.

Miongozo hiyo yote imetokana na damu za Marekani, Ulaya na Asia ya Mashariki. Damu zetu zina mambo yake, na hapa ndipo naona tunajidanganya zaidi.

Anza na selimundu (sickle cell), ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Uganda, Kongo na magharibi mwa Kenya nako ugonjwa huu ni wa nyumbani. Chembe nyekundu za mtu mwenye selimundu hufa mapema, na mabaki yake ni bilirubini, kwa hiyo bilirubini yake iko juu siku zote, hata akiwa mzima anacheza mpira. Bilirubini hiyohiyo hujikusanya kuwa mawe meusi ya nyongo, mara nyingi tangu utotoni. Sasa kijana huyu anakuja na maumivu ya mbavu za kulia na homa. Bilirubini 70. Je, ni jiwe limeziba, au ni Jumanne ya kawaida katika maisha yake? AST yake nayo huwa juu kwa sababu chembe nyekundu zinapopasuka huitoa. ALP inaweza kupanda kwa sababu ya mifupa iliyoumia kwenye mashambulizi ya maumivu. Namba tatu kati ya tano zina maelezo mengine kabla hata hujaligusa ini. Na kuna shambulio la selimundu ndani ya ini lenyewe, ambalo hujifanya kifuko kilichovimba kwa ustadi wa kutisha. Kwa mgonjwa huyu, cha maana si bilirubini kuwa juu. Cha maana ni imepanda kiasi gani kutoka kwenye bilirubini yake ya kila siku, na ni sehemu gani ya bilirubini hiyo imeshachakatwa na ini. Iliyochakatwa ndiyo inayorudi kwenye damu mrija unapoziba. Ile ghafi inatoka kwenye chembe zilizokufa. Maabara nyingi zina uwezo wa kuzitenganisha. Tatizo ni kwamba fomu haikuombwa hivyo, au vitendanishi vimekwisha.

Fuata na dawa. Anayetumia atazanavir, mojawapo ya ARV za mstari wa pili, anaweza kuwa na macho ya manjano na ini zima kabisa, kwa sababu dawa hiyo huzuia kimeng'enya kinachochakata bilirubini. Dawa za kifua kikuu hupandisha ALT. GGT hupanda kwa pombe. Mpenzi wa gongo ana H ya kudumu. Mjamzito hupata ALP kutoka kwenye kondo la nyuma, na wajawazito ni miongoni mwa watu wanaopata mawe ya nyongo kirahisi. Kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo huacha makovu ndani ya ini yanayoweza kupandisha ALP na GGT kwa miaka. Homa ya ini aina ya B sina haja ya kuielezea.

Na yapo ya maabara yenyewe, ambayo wenzangu wa zamani hawatapenda niyaseme. Damu iliyovutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba hupasuka chembe zake na kutoa AST ambayo haikutoka kwenye ini. Sampuli iliyosahauliwa dirishani juani hupoteza bilirubini, kwa kuwa mwanga huivunja. Ndiyo maana hata watoto wachanga wenye manjano huwekwa kwenye taa. Niliwahi kukuta chupa tatu kwenye kizingiti cha dirisha saa saba mchana. Majibu yake yangetoka mazuri sana.

Basi tukiikopa miongozo ya wengine bila kuhesabu vya kwetu, tunakopa pia hesabu ambayo haitufai. Rudi kwenye mfano wangu. Kama ni hospitali kubwa ya rufaa ambako wagonjwa wameshachujwa njiani na 30 kati ya 100 wana jiwe, kipimo kilekile kikitoa H, wenye jiwe kweli ni 24 kati ya 45, zaidi ya nusu. Lakini pale pale, damu ya kawaida inapoteza nguvu: kati ya wasio na H 55, sita wana jiwe. Kwa hiyo daktari wa hospitali ya wilaya na bingwa wa hospitali ya taifa wanaweza kushika karatasi moja na kila mmoja akawa na haki ya kuisoma tofauti. Ugomvi ninaousikia kati yao kwenye simu za rufaa, mara nyingi chanzo chake ni hiki, ingawa wenyewe hudhani ni uzembe wa upande wa pili.

Wapo watakaosema heri kuwapeleka kumi bure kuliko kumwacha mmoja na jiwe. Kwa mgonjwa wa aina moja nakubaliana nao bila kusita: mwenye homa, macho ya manjano na maumivu kwa pamoja, utatu aliouandika daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot mwaka 1877, hasa akianza kuchanganyikiwa au presha kushuka. Huyo ana usaha kwenye mirija. Asisubiri damu ya pili wala picha ya tatu. Antibiotiki zianze na mrija ufunguliwe. Lakini kwa walio wengi, wenye kifuko kilichovimba na H za hapa na pale, rufaa ya bure nayo ina gharama isiyoandikwa. Mwongozo huohuo wa WSES unataka kifuko kitolewe ndani ya siku 7 tangu mgonjwa alazwe na siku 10 tangu dalili zianze. Wiki moja ya kutafuta gari la wagonjwa, kitanda na nafasi ya ERCP inatosha kuula muda wote huo, na kifuko kilichokaa na uvimbe wiki kadhaa hushikamana na kila kilicho karibu yake. Kukitoa kunakuwa kugumu, na ni hapo ndipo mrija mkuu wenyewe huweza kukatwa kwa bahati mbaya.

Ninachokipendekeza hakina teknolojia ya kutisha. Rudia damu baada ya siku moja au mbili kabla ya kuandika rufaa. Namba zinazoshuka kwa kasi zinasema jiwe limepita au uvimbe unapoa, zinazopanda zinasema kitu kimekwama. Omba bilirubini ya aina zote mbili. Pima upana wa mrija kwenye ultrasaundi, uuandike kwa milimita badala ya neno "kawaida". Anayebaki katikati apigwe picha ya MRI ya mirija ya nyongo: inawatambua asilimia 93 ya wenye jiwe, na inawaacha kwa haki asilimia 96 ya wasio nalo, bila sindano kugusa kongosho.

Pasipo na MRI, kuna njia ya zamani tuliyoisahau. Mirizzi huyohuyo wa Argentina, miaka ya 1930, alikuwa akiingiza dawa ya rangi kwenye mrija wakati wa upasuaji na kupiga eksirei palepale mezani. Mashine ya eksirei inayosogezwa ndani ya chumba cha upasuaji tunayo katika hospitali kadhaa. Madaktari wa mifupa wanaitumia kila siku kunyoosha mapaja ya waendesha bodaboda. Kumfundisha daktari wa upasuaji kuiazima kwa dakika ishirini kunaniingia akilini kuliko kununua mashine nyingine itakayofungwa chumbani ikisubiri bingwa.

Na kila hospitali iwe na daftari. Safu ya bilirubini, ya ALT, ya ALP, ya GGT, ya upana wa mrija, ya selimundu ndiyo au hapana, na ya mwisho: jiwe lilikutwa au halikukutwa. Wagonjwa mia mbili kwenye daftari hilo wataiambia hospitali yako H yake ina thamani gani, jambo ambalo hakuna mwongozo wa Marekani utakaoiambia.

Dada yangu alikuwa na miaka 58, bilirubini 41, ALT 212, ALP na GGT zote juu, mrija milimita 5. Kwa vigezo vya 2019 huyo ni wa kundi la kati, hana sababu ya kukimbizwa ERCP. Nilimwambia mpwa wangu amwombe daktari, kwa adabu, damu irudiwe. Daktari, na nampa heshima yake, alikuwa ameshaamua hivyo asubuhi kabla kijana hajafungua mdomo. Maneno ya rufaa yalikuwa yametoka kwa mtu mwingine wa zamu. Siku ya tatu bilirubini ilikuwa 22 na ALT 96. ALP haikusogea, kama kawaida yake. MRI ilipigwa mji wa jirani, mwendo wa saa mbili kwa gari, ikaonyesha mrija mtupu, na kifuko kikatolewa siku ya sita.

Mpwa wangu ananisifu kwamba nilijua. Sikujua. Jiwe lingekuwepo, karatasi ya usiku ule wa kwanza ingekuwa na H zilezile nne.